Gemu za risasi za bunilizi ya kisayansi: ipi inunuliwe kwanza, na kwa sababu gani

Mnunuzi wa gemu ya risasi huoneshwa kwanza mambo yasiyomsaidia kuchagua: sayari inayowaka nyuma ya milima, silaha inayong'aa, sauti nzito ya msimulizi na maadui wenye meno mengi kuliko wanavyohitaji. Macho huyazoea yote hayo ndani ya saa mbili. Kinachobaki, na ambacho mchezaji atakirudia mara mamia kabla ya kufika mwisho, ni kile kipande kifupi cha mapigano ambamo humwona adui, huchagua silaha, husogea, hupiga, hujificha au husonga mbele, kisha huanza upya. Mara nyingi kipande hicho hakizidi nusu dakika. Kikiwa kimeundwa kwa akili, mchezo uliotoka miaka 20 iliyopita bado unachezeka kwa raha, na kikiwa kimeundwa ovyo, hakuna kadi ya michoro itakayouokoa.

Kwa hiyo michezo iliyomo humu nimeipanga kwa swali moja: adui anapobadilika, je, mchezaji naye analazimika kubadilika? Mchezo unaokuruhusu kumaliza safari nzima kwa bunduki ileile, ukisimama vilevile na kulenga vilevile, umekuuzia picha tu. Baada ya swali hilo nimetazama mambo mawili ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hawezi kuyapuuza, yaani uzito wa faili la kupakua, kwa kuwa bando hulipiwa, na kama mchezo unakubali kuchezwa bila intaneti. Seva za michezo mingi ya mtandaoni ziko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini, na umbali huo huonekana pale unapofyatua risasi na adui akaanguka baada ya kitambo, au asianguke kabisa. Bei sikuziandika kwa sababu hupanda na kushuka. Itoshe kusema kwamba mingi ya michezo hii si mipya, maduka ya mtandaoni huipunguza bei mara kadhaa kwa mwaka, na asiye na haraka hana sababu ya kulipa bei kamili.

Nafasi ya kwanza: Halo: The Master Chief Collection

Huu ni mkusanyiko wa michezo sita: Combat Evolved ya 2001, Halo 2 ya 2004, Halo 3 ya 2007, ODST ya 2009, Reach ya 2010 na Halo 4 ya 2012. Ulitolewa kwenye Xbox One mwaka 2014, na kuanzia Desemba 2019 ukaingizwa kwenye kompyuta, mchezo mmoja baada ya mwingine. Hata kama ungekuwa na Combat Evolved peke yake ningeuweka juu, kwa sababu mapigano yake ni somo zima la namna ya kumfanya mchezaji afikiri bila kumsimamisha.

Tuanze na silaha. Katika Doom ya mwaka 1993 mchezaji hubeba ghala zima mgongoni na hubadilisha silaha anavyotaka. Kampuni ya Bungie, ilipounda Halo, ilimpa mchezaji silaha mbili tu. Kila anachookota kinamlazimu kukiacha kingine chini, na kwa kuwa risasi za bunduki za wanadamu huisha upesi, hulazimika kuokota silaha za maadui waliokufa, ambazo hazifanani na zake. Silaha hizo za maadui, zirushazo plazima (nishati ya moto), huiondoa ngao ya adui haraka, ilhali risasi za kawaida hufaa zaidi mwilini ngao ikishaondoka. Mwenye bastola ya plazima na bastola ya kawaida anaonekana maskini wa silaha, lakini akiwa na subira ya kuijaza ile ya kwanza nguvu, akaiachia, kisha akapiga kichwa kwa ile ya pili, ana jibu la maadui wengi watakaomjia.

Maadui nao wanajuana. Elite ana ngao kama yako, hukwepa bomu la mkono, na hurudi nyuma ngao yake inapopungua. Grunt ni kibete mwoga ambaye kiongozi wake akiuawa hutupa mikono juu na kukimbia akipiga kelele. Jackal hujibanza nyuma ya ngao ya mkononi na kuacha upenyo mdogo tu wa kupitisha silaha yake. Hunter hutembea wawili wawili, wamevaa deraya nzito mbele, na mgongo wameuacha wazi. Hapo ndipo swali linapozaliwa katika kila uwanja: nimuue kiongozi kwanza ili wadogo watawanyike, ingawa yeye ndiye mgumu kuliko wote, au nipunguze wadogo ambao, nikiwaacha, watanirushia mabomu ninapohangaika naye? Ngao yako hujijaza yenyewe ukikaa sekunde kadhaa bila kupigwa, hivyo mapigano yana pumzi ya kuvamia na kurudi nyuma. Zaidi ya hayo, bomu la mkono na pigo la karibu kila kimoja kina kitufe chake, kwa hiyo huna haja ya kuweka bunduki kando ili ukitumie. Mchezaji wa leo huliona hilo kuwa jambo la kawaida, lakini uzoefu huo kwa sehemu kubwa ulienezwa na Halo.

Yote haya hupotea ukichagua kiwango rahisi, kwa kuwa huko kila adui hufa kwa silaha yoyote na swali la nani auawe kwanza halina maana tena. Chagua kiwango kiitwacho Heroic, hata kama utakufa mara nyingi siku ya kwanza. Na usiamini sifa bila kipimo: hatua ya Combat Evolved iitwayo The Library ni mateso ya korido zilezile na maadui walewale kwa muda mrefu kupita kiasi, na sijakutana na anayeitetea kwa moyo mweupe. Halo 4 ina sura nzuri kuliko ndugu zake wa zamani, lakini maadui wake wapya wa jamii ya Promethean hujihamisha kutoka mahali pamoja hadi pengine ghafla, kiasi kwamba mchezaji hawezi kuusoma uwanja kabla ya kuamua. Anza na Combat Evolved, nenda Halo 3, kisha Reach, nyingine zitasubiri.

Kabla ya kulipa, jua mambo matatu. Mkusanyiko huu haupo kwenye PlayStation. Ukiupakua wote utajaza zaidi ya gigabaiti 100, lakini unaruhusiwa kuchagua mchezo mmoja mmoja na kuuacha mwingine, jambo ambalo wauzaji wa gemu nyingine wangepaswa kuliiga. Na kama unanunua ili ucheze na mdogo wako kwenye televisheni moja, nunua wa Xbox, kwa sababu skrini ya kugawana ipo huko, ilhali toleo la kompyuta halina rasmi.

Nafasi ya pili: Doom Eternal, lakini baada ya Doom ya 2016

Kanuni ya Halo ni kujificha upumue. Doom ya 2016, iliyoundwa na id Software, iliigeuza kanuni hiyo kichwa chini: afya haijijazi, hivyo anayejificha hafaidi kitu. Ukimjeruhi pepo, maana mapepo ndio maadui wa mchezo huu, hadi akapepesuka, unaweza kumvamia na kummaliza kwa mikono, naye humwaga afya. Ukimkata kwa msumeno wa injini, humwaga risasi. Kwa maneno mengine, duka la dawa na ghala la silaha vyote viko ndani ya adui, na njia kuu ya kupona ni kumsogelea yule anayetaka kukuua. Wazo hili ni jepesi kulieleza, ila sijui lingine katika michezo ya risasi ambalo limebadilisha mwendo wa mchezaji kwa kiasi hicho.

Doom Eternal, ya Machi 2020, iliongeza deni la tatu: ngao hupatikana kwa kumchoma adui kwa moto kisha kumpiga. Risasi nazo zikapunguzwa, kwa makusudi. Hivyo ndani ya nusu dakika moja mchezaji huhesabu afya, risasi na ngao huku akiruka, akikwepa hewani na kuchagua silaha kulingana na adui, kwa sababu baadhi ya mapepo wana kiungo dhaifu ambacho kikivunjwa hupoteza silaha yao kubwa. Wapo wanaoulalamikia mchezo huu kwamba unaamrisha mno, na mfano wao ni adui aitwaye Marauder, ambaye hupigika vizuri pale tu macho yake yanapowaka kijani, nawe ukiwa umbali wa kadiri. Malalamiko hayo yana haki nusu. Kwa kweli Marauder husimamisha mdundo wa uwanja mzima ili ahudumiwe peke yake. Lakini hao wengine wote hukuamrisha kwa namna ambayo, ukishaizoea, huhisi unaicheza ngoma badala ya kuchezeshwa.

Mgeni asianze na Eternal. Anunue Doom ya 2016, ambayo sasa hupatikana kwa bei ndogo na husamehe zaidi, na akiona anamaliza viwanja huku akitamani vigumu zaidi, ndipo aendelee. Ya tatu, Doom: The Dark Ages ya Mei 2025, ina ngao ya mkononi ya kurudishia mashambulizi na mwendo wa kishindo unaopendeza, ila katika kompyuta inadai kadi ya michoro yenye uwezo wa kufuatisha miale ya mwanga, na anayenunua diski ya konsoli afahamu kwamba diski hiyo imebeba sehemu ndogo mno ya mchezo, na iliyobaki hupakuliwa. Kwa mwenye kununua diski ili aokoe bando, hapo hajaokoa chochote.

Nafasi ya tatu: Titanfall 2

Mchezo huu ulitoka tarehe 28 Oktoba 2016, wiki moja baada ya Battlefield 1 na wiki moja kabla ya Call of Duty: Infinite Warfare, ukabanwa katikati kama dagaa kati ya papa wawili. Wengi walioukosa wakati ule hawakuwahi kuurudia, nao ni hasara yao.

Mchezaji ana miili miwili. Akiwa rubani kwa miguu, hukimbia ukutani, huruka mara mbili na huteleza, na kasi aliyoipata katika tendo moja huibeba hadi linalofuata, kiasi kwamba anayekimbia ardhini kama askari wa kawaida ni mwepesi wa kuuawa. Akiingia ndani ya roboti kubwa, hawezi kuruka tena. Ana nguvu, ana uzito, na mikwepo yake ni ya kuhesabika. Uwanja uleule huonekana kama mji wa kurukaruka ukiwa nje ya roboti na kama kichaka cha kujikinga ukiwa ndani.

Kampeni yake, yaani hadithi ya mchezaji mmoja, ina tabia adimu: huleta wazo, hulitumia kikamilifu, kisha huliacha kabla halijachosha. Katika hatua ya Effect and Cause mchezaji huvaa kifaa cha mkononi cha kuhama kati ya nyakati mbili za jengo lilelile la utafiti. Wakati uliopita lina taa na walinzi. Wakati wa sasa ni magofu yenye moto na wanyama wakali. Ukuta usiokuwepo leo ulikuwepo jana, hivyo huruka kutoka ukuta wa wakati mmoja, hubadilisha wakati akiwa hewani, na kuudaka ukuta wa wakati mwingine. Hatua ikiisha, kifaa nacho kinaondoka. Mbunifu mwingine angejenga mchezo mzima juu ya kifaa hicho na kukirudia hadi tukichukie. Hatua nyingine hupita ndani ya kiwanda kinachounganisha nyumba za mji wa mazoezi, na mchezaji hukimbia juu ya kuta zinazosafirishwa na mashine.

Kasoro yake ni ufupi, kwani kwa mchezaji wa kawaida kampeni huisha kwa takriban saa sita, na huhitaji akaunti ya EA, kampuni iliyoutoa. Ununue kwa ajili ya kampeni, wakati wa punguzo, na ukipata watu wa kupambana nao mtandaoni uhesabu kuwa ni nyongeza.

Nafasi ya nne: Half-Life 2, kwa mwenye kompyuta ya ofisini

Kompyuta nyingi za mkononi zinazouzwa kwetu hazina kadi ya michoro ya kujitegemea, na mwenye kompyuta kama hiyo hukatishwa tamaa anapoona mahitaji ya michezo mipya. Half-Life 2 ya Valve, ya Novemba 2004, huendeshwa na karibu kila kompyuta ya leo, na tangu Novemba 2024 sehemu zake mbili za nyongeza zimeunganishwa ndani yake bila malipo ya ziada.

Ubora wake uko katika kufundisha bila kusema. Mchezaji anapoingia Ravenholm, kijiji kilichojaa maiti zinazotembea, ana silaha mpya ya kuvuta na kurusha vitu. Mapema tu huona bapa la msumeno wa duara limekwama ukutani, na mzoga uliokatika vipande viwili. Hakuna maandishi ya maelekezo, hakuna sauti inayomwambia afanye nini. Anapolichomoa bapa lile, adui anamtokea mlangoni, na mkono wenyewe unajua la kufanya. Baadaye kuna ufuo ambako kugusa mchanga huwaamsha wadudu wakubwa, hivyo mchezaji hupanga mbao na mapipa ili apite bila kukanyaga. Muda mfupi baadaye wadudu walewale wanakuwa jeshi lake, na mchanga aliouogopa anautafuta.

Sitaficha kwamba bunduki zake za kawaida ni baridi ukizilinganisha na za Doom, na kwamba safari za boti na gari ni ndefu mno. Hadithi nayo imeishia njiani tangu 2007. Lakini huchezwa bila intaneti ukishaipakua, na nimeiona ikiendelea vizuri kwenye kompyuta iliyokuwa ikikwama kwa kufungua lahajedwali.

Kwa marafiki wanne: Deep Rock Galactic

Nimeiweka ya tano kwa sababu ladha yake kamili huhitaji watu, ingawa anayecheza peke yake hupewa roboti ndogo ya kumsaidia. Ghost Ship Games ya Denmark iliikamilisha Mei 2020. Vibete wachimba madini hushushwa katika mapango yanayoundwa upya kila safari, na karibu kila jiwe huchimbika. Mmoja ana keekee kubwa za kutoboa njia, mwingine hurusha taa na kujivuta kwa ndoano ya kamba, wa tatu hupiga majukwaa ya kusimamia ukutani, wa nne hutandika kamba ya kutelezea na kubeba silaha nzito. Madini yakiwa juu darini, mwenye majukwaa huweka moja chini yake, mwenye ndoano hujivuta hadi hapo akachimba. Hakuna kati yao anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri peke yake. Kazi ikiisha hubonyezwa kitufe, chombo cha kuondokea hushuka mahali pa mbali, na vibete huwa na dakika tano za kukifikia huku pango zima likiwafuata. Faili lake ni dogo ukililinganisha na mengi niliyoyataja, na risasi ya rafiki humuumiza rafiki, jambo linalofundisha adabu.

Yenye masharti

Dead Space ya Januari 2023 ni nzuri kwa anayependa woga wa polepole. Kumpiga adui kichwani au kifuani hakusaidii sana. Lazima umkate viungo, kwa silaha ambayo mkato wake hugeuzwa wima au mlalo kwa kitufe kimoja. Afya yako huoneshwa kwenye uti wa mgongo wa vazi, na kufungua mkoba hakusimamishi mchezo, kwa hiyo huna mahali pa kukimbilia. Inahitaji PlayStation 5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu. Asiye navyo anunue ya asili ya mwaka 2008, ambayo wazo lake ni hilohilo.

Helldivers 2 ya Februari 2024 ina ubunifu wa kuchekesha na mkali pamoja: ili uitishe msaada lazima uandike mishale huku ukishambuliwa, na kwa mfano kumrudisha mwenzako aliyekufa ni juu, chini, kulia, kushoto, juu. Ukibadilisha magazini kabla haijaisha, risasi zilizobaki umezitupa. Tatizo ni kwamba haichezwi bila intaneti. Aidha, Mei 2024, wakati wa mzozo kuhusu akaunti za mtandao wa PlayStation kwa wanaochezea kompyuta, iliondolewa sokoni kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi nyingi ambako mtandao huo haupo rasmi, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba duka lako linaiuza.

Destiny 2 siipendekezi kwa mnunuzi, ingawa bunduki zake, kwa mguso wa mkono tu, huenda zikawa bora kuliko zote za humu. Kuanza ni bure, sehemu kubwa zake huuzwa kwa nyongeza, na Novemba 2020 kampeni ya kwanza, ambayo watu walikuwa wameilipia, iliondolewa ndani ya mchezo. Cheza sehemu ya bure, ufurahie, na pesa ibaki mfukoni.

Jambo la mwisho kwa wanaonunua kupitia Steam: mchezo huweza kurudishwa ndani ya siku 14 ikiwa umeuchezea chini ya saa mbili. Kwa Halo na Doom saa mbili zinatosha kabisa kujua kama mkono wako unaupenda mchezo. Kwa Half-Life 2 hazitoshi, kwa sababu mchezaji mgeni atakuwa bado hajaipata ile silaha ya kuvuta vitu. Ukiirudisha wakati huo, utakuwa umerudisha mchezo ambao bado hujaucheza.